Ngazi Hupandwa Toka Chini

Katika jamaa zetu wako wengi ambao mume yuko Ulaya na mke amebaki Kongo. Ndoa imewaunganisha, lakini sheria za nchi zawatenga. Kwa Ujerumani, tangu mwaka 2007, aliyeoa au kuolewa na mtu akaaye huko yampasa kwa kawaida kuonyesha kwanza kwamba ajua Kijerumani cha mwanzo. Sharti hilo lilimfikia mdogo wangu wa kike. Akaniuliza, «Yaya, lugha hiyo nitaipata wapi?» Mimi seminarini nilifundishwa Kifaransa na Kilatini tu. Basi tukaanza pamoja, kwa simu yake na video fupi.

Ujuzi wa lugha za Ulaya hupimwa kwa daraja sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Baraza la Ulaya lilitangaza mpango huo mwaka 2001. Sheria yamtaka mke daraja la A1 tu. Lakini mdogo wangu alipenda kutazama habari za watu wazima, zisemwazo mbio, kwa kuwa zilionekana za heshima. Baada ya juma moja alisema kwamba Kijerumani ni kelele tupu, akataka kuacha.

Ndipo tuliposhuka hadi daraja la kwanza. Redio ya Ujerumani, Deutsche Welle, imetengeneza masimulizi yaitwayo «Nicos Weg», yaani Njia ya Nico, kwa daraja za A1, A2 na B1, wala hayalipiwi. Nico, kijana Mhispania, afika Ujerumani na kupoteza mfuko wake kwenye uwanja wa ndege. Yampasa kutaja jina lake, kuuliza, kuomba msaada. Hayo ndiyo maneno ya mgeni, nayo ndiyo aliyoyahitaji mdogo wangu.

Tulifuata utaratibu huu. Mara ya kwanza kutazama bila kuandika. Mara ya pili kusoma maandishi ya Kijerumani chini ya picha. Mara ya tatu kusimamisha na kurudia kwa sauti. Kesho yake kusimulia bila kutazama. Asiyeweza kusimulia hapandi. Hivyo hata mega chache zilitosha, maana video moja ilitulisha siku mbili.

Hesabu zilimsumbua kuliko yote. Mjerumani asema «saba na arobaini» kwa 47, naye akaandika 74. Lakini ngeli hazikumtisha. Sisi twasema mtoto mzuri, kitabu kizuri. Wajerumani nao hulipa kila jina neno lake: der, die au das. Hata msichana, Mädchen, ni das, kwa sababu ya kile kimalizio cha udogo. Yafaa kujifunza jina pamoja na neno lake, kama mtu na kivuli chake.

Mdogo wangu amefaulu mtihani: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Sasa angoja visa.

Nanyi wanafunzi, msione haya kukaa kwenye daraja la chini. Haya hiyo ni kiburi kilichovaa nguo ya elimu. Nanyi wazazi, mkimwona mtoto akirudia somo lile lile mara nne, msimcheke. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho chaweza kuwakutanisha mume na mke mezani pamoja.