Akiba ya Bahari

Nilipokuwa mtoto huku pwani, kazi yangu ilikuwa kuanika dagaa. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi. Akitoka usiku wa giza na taa yake ya karabai, akirudi alfajiri. Mwaka mmoja dagaa hawakuonekana. Majirani wakalaumiana, hata wengine wakaacha kusalimiana. Baba naye alinunua wavu wenye matundu madogo zaidi, ili asiwakose hata wale wachache waliosalia. Nilimsaidia kuutengeneza, wala sikuona kosa.

Nililiona kosa miaka mingi baadaye, niliposoma habari za kapelini. Huyu ni samaki mdogo wa bahari za baridi, asiyezidi shibiri moja. Katika Bahari ya Barents, kaskazini ya Norwei na Urusi, hukaribia pwani kutaga mayai, na baada ya kutaga wengi wao hufa. Basi kizazi kimoja kikiharibika, hakuna wazee wa kutosha kukijazia pengo.

Mwaka 1987 wataalamu waliwakadiria kuwa tani zipatazo 100,000 tu. Mwaka 1991 walikuwa zaidi ya tani milioni 7. Na mwaka 1994 wakashuka tena hata tani zipatazo 200,000.

Je, ni wavuvi waliowamaliza? Si wao peke yao. Mwaka 1983 walizaliwa heringi wengi mno, na watoto wao wakaingia katika bahari ile wakawala watoto wa kapelini. Walakini uvuvi uliendelea juu ya hasara hiyo. Ndipo chewa wa huko walipokonda, wakala hata wana wao. Ndege wa baharini wakafa kwa njaa. Nao sili wakafurika pwani ya Norwei, wakinaswa katika nyavu.

Baadaye nchi hizo mbili zilipatana kwamba kwanza ziachwe tani 200,000 za kutaga mayai. Zisipotarajiwa kupatikana, wavuvi wasivue kapelini mwaka huo.

Basi sasa nafahamu kwamba huenda majirani zetu walilaumiana bure, maana bahari ina miaka yake ya kutoa na ya kunyima. Lakini wavu ule mpya ulikuwa wetu, na mikono iliyoutengeneza ni hii yangu. Wale wachache ndio waliokuwa mbegu. Wazee walisema akiba haiozi. Nasi tuliianika juani, tukaiuza.