Dawa Hii Usiifanye Siri

Makorora, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Baba yako ameniambia kipimo kimetoka, na ni kile kile changu: upungufu wa protini S. Nimesikia pia kuwa posa imepokelewa, na kwamba wifi yangu anashauri jambo hili linyamaziwe mpaka harusi ipite. Namheshimu mama yako, na najua anakukinga na maneno ya watu. Lakini mimi nameza dawa hii, warfarini, tangu hujazaliwa, na usia wangu wa kwanza ni huu: usiifiche.

Bibi yako tulimzika arobaini ya uzazi haijaisha. Mguu wa kushoto ulivimba ukawa wa moto, akakandwa kwa maji ya chumvi. Asubuhi moja kifua kikambana, na kabla ya adhuhuri akatutoka. Mtaani ikasemwa ametupiwa jini. Miaka mingi baadaye, daktari wangu aliponiuliza habari za mama nami nikamweleza, alisema dalili zile ni za bonge la damu lililotoka mguuni likaziba mapafu.

Damu inatakiwa igande ukijikata, na inatakiwa pia ijue pa kukomea. Protini S ni sehemu ya breki hiyo, nasi tumezaliwa nayo pungufu. Mzazi mwenye hali hii humrithisha kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, wa kiume na wa kike sawa. Wapo wanaozeeka nayo wakiwa salama. Hatari hupanda mtu akilazwa, akipasuliwa, akiwa mjamzito, au akikaa safarini saa nyingi bila kunyoosha miguu. Basi na kaka zako wapimwe.

Wapo watakaokuambia unakunywa sumu ya panya. Usitishike, ijue habari yake. Miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wakivuja damu mpaka kufa baada ya kula majani makavu yaliyooza. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Karl Paul Link na wenzake walikitafuta kilichomo kwenye majani yale wakakipata, na kutokana nacho ikatengenezwa warfarini. Mwaka 1948 iliuzwa kuulia panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa wagonjwa, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani, aliposhikwa na mshtuko wa moyo, naye akapewa. Sumu na dawa hapa vinatenganishwa na kiasi, na kiasi hicho ndicho kinachofuatiliwa kliniki.

Kipimo chenyewe kinaitwa INR. Asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Sisi kwa kawaida tunatakiwa tuwe kati ya 2 na 3. Ikishuka, damu inaweza kuganda. Ikipanda sana, utaona fizi zinatoka damu, ngozi inavilia bila kugongwa, mkojo mwekundu au choo cheusi. Ukiona hayo nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi humeza kidonge changu baada ya sala ya isha, kwa hiyo hata Ramadhani haibadilishi kitu. Nikishameza natia alama kwenye kalenda ya jikoni. Nikiona hakuna alama na usiku haujaisha, nameza. Siku ikishapita, nameza cha siku mpya tu, sifidii kwa viwili. Kadi ya INR inakaa kwenye pochi pamoja na kitambulisho.

Utakatazwa mboga za majani. Warfarini huzuia ini lisiitumie vitamini K sawasawa, na mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini hiyo kwa wingi. Hata hivyo kula, ila kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Kinachoharibu hesabu ni kukaa mwezi mzima bila mboga, kisha kisamvu kila siku.

Ukiumwa kichwa, tumia parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki usizimeze ila kwa amri ya daktari wako. Flagyl na Septrin hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Sindano ya makalio ikatae mpaka anayekuchoma ajue unatumia nini, maana msuli unaweza kuvujia damu ndani. Hijama usifanye, na miti shamba usichanganye. Mhudumu wa zahanati, muuza dawa, daktari wa meno: hakuna hata mmoja anayeweza kukulinda na jambo asilolijua.

Na mume ni hivyo hivyo. Warfarini hupenya kondo la nyuma, na inaweza kumlemaza mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba, wakati ambao wanawake wengi ndio kwanza wanajigundua. Kwa hiyo nyinyi wawili mtakwenda kwa daktari kabla ya kutafuta mtoto. Siku zikichelewa tu, unapima, unahamishiwa kwenye sindano za heparini, zinazochomwa chini ya ngozi ya tumbo na hazimfikii mtoto. Ukishajifungua, dawa inaendelea, maana zile wiki 6 za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa. Daktari anaweza kukurudisha kwenye warfarini, nayo haikuzuii kunyonyesha. Ukitaka kupumzika kuzaa, vidonge vya majira vyenye estrojeni viepuke, vinazidisha kuganda kwa damu. Kipo kitanzi, na zipo njia nyingine. Dawa mpya kama rivaroksabani na apiksabani hazihitaji INR, lakini hazifai kwa mjamzito. Usibadilishe dawa kwa shauri la jirani. Sasa niambie, sindano hizo za kila siku nani atazinunua na nani atakusimamia, ikiwa mwenye nyumba hajui kitu?

Ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, au pumzi imekata ghafla na kifua kinachoma, usikande na usingoje kupambazuke. Aliye karibu akupeleke hospitali. Hilo nalo linataka mtu anayejua.

Mwambie mchumba wako mwenyewe, kwa kinywa chako, kabla ya nikaha. Akiuliza kama inaambukiza, haiambukizi. Akiuliza kama utazaa, mwambie shangazi yako amezaa watatu, wote kwa sindano, na wote wazima. Kama ni kusita, asite sasa ungali kwenu, kuliko kuyasikia kwa mkunga usiku wa uchungu. Mtu anayekufaa atataka kujua kadi yako inakaa wapi.

Kuhusu mama yako, niachie mimi. Ijumaa nitampigia simu, na nitaanza na habari za bibi yako.

Mungu akuhifadhi, akujaalie mume mwenye huruma na watoto wema.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.