Taa za Msituni

Khabari za visahani virukavyo angani hazikosekani barazani, na mwenye kuzileta huapa kuwa zimeshuhudiwa na wanajeshi, basi nani atabisha? Nataka nieleze mojawapo, iliyo mashuhuri kuliko nyingi, kwani ndani yake mna jambo ambalo watu wa pwani hulifahamu upesi.

Mwezi wa Desemba 1980 askari wa anga wa Marekani walikuwa katika kambi ya Woodbridge, mashariki ya Uingereza, kando ya msitu wa Rendlesham. Usiku wa kuamkia tarehe 26, yapata saa tisa, walinzi waliona mianga kama inayoshukia msituni. Wakadhani ndege imeanguka, wakaingia kuitafuta. Kulipokucha wakaona vishimo vitatu ardhini na alama katika magome ya miti. Tarehe 28 akaenda usiku Luteni Kanali Charles Halt, naibu wa mkuu wa kambi, akichukua chombo cha kupimia mionzi na kinasa sauti, naye akaona taa ikimulika upande wa mashariki. Januari 1981 akaipelekea waraka Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, nayo ikaona hapana khatari kwa nchi. Waraka ulipotoka hadharani mwaka 1983 magazeti yakaupamba.

Sasa tazama yale yasiyosimuliwa. Usiku ule ule wa kwanza waliitwa polisi, nao wakasema taa pekee waliyoiona ni ya mnara wa Orford Ness, unaoongoza meli, ulio pwani maili tano hivi kutoka hapo. Askari mmojawapo aliandika katika maelezo yake kuwa waliifuata taa kiasi cha maili mbili, hata walipofika penye uwazi wakatambua ni taa ya kuongozea tu, iko mbali. Vishimo polisi walivifikiria kuwa ni vya mnyama. Na mtu wa kazi ya misitu alisema ni machimbo ya sungura, na zile alama za magomeni ni za shoka, wanazotia wenyewe kwa miti ya kukatwa. Ama mianga iliyoshuka, saa hiyo hiyo kimondo kikubwa kilionekana na watu kusini ya Uingereza.

Lakini linalonipendeza mimi ni ile kanda ya Kanali. Mwandishi wa elimu ya nyota, Ian Ridpath, aliisikiliza na saa mkononi. Kila Kanali anapotaja kuwa taa imetokea tena, baina yake ni kama sekunde tano, na mnara ule ulimulika kila sekunde tano. Nahodha wa kwetu hahitaji kuelezwa. Aingiaye Unguja usiku anautafuta mnara wa Chumbe, uliojengwa 1904, na huutambua kwa kuhesabu, kwani kila mnara una hesabu yake. Askari wale walikuwa watu wa jeshi la anga, si wa bahari.

Kijana mmoja aliniuliza baada ya sala ya Isha: je, hawakuwa majini? Nikamwambia, majini tunawaamini kwa sababu Mwenyezi Mungu ametukhabarisha, si kwa sababu ya taa ya Uingereza. Siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume, naye yumo katika huzuni, hakuwaacha na dhana hiyo. Aliwafahamisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Nani angemlaumu lau angenyamaza?

Akaniuliza tena: basi Kanali ni mwongo? Hasha. Suratul Hujurat inatuamrisha kuichungua khabari, na sura hiyo hiyo inatukataza kudhaniana vibaya. Mtu aweza kusema kweli aliyoiona, akakosea jina lake. Kanali Halt mpaka mwaka 2010 alitia sahihi hati akishikilia kuwa alichokiona hakikuwa cha dunia hii. Hiyo ni haki yake, na kanda ni ushahidi alioutoa kwa mkono wake.

Mnara wa Orford Ness ulizimwa mwaka 2013, na mwaka 2020 ukabomolewa, kwa kuwa bahari ilikuwa imeula ufuo mpaka karibu na msingi wake.