Njia ya Butembo–Beni: vumbi, mlima na pumzi ya gari



Kati ya Butembo na Beni kuna kilometa 54 za Barabara ya Taifa namba 2. Kwenye ramani ni kitu kidogo. Lakini mama anayepeleka viazi na puaro Beni, au anayerudi na mawese na mchele, haulizi kilometa. Anauliza: tutafika kabla ya jua kuzama? Wiki hii tunawatembeza njia hiyo, na tutasimama kwenye jambo dogo ambalo wengi wetu tunamwachia shoferi peke yake: bomba la mpira linaloipa injini hewa.

Safari inaanza Butembo, kwenye baridi. Mji uko juu, zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi wauza chai wanapata wateja mapema. Ni mji wa wafanyabiashara. Magari mengi tunayopanda yalikwisha kufanya kazi Japani miaka mingi, yakavuka bahari hadi Mombasa, yakapita Uganda na kuingia kwa mpaka wa Kasindi. Ndiyo sababu usukani wa mengi uko mkono wa kuume, na sisi tunaendesha upande huohuo wa kuume. Gari linapofika kwetu, chuma bado kina nguvu, lakini mpira umezeeka. Joto la injini, mafuta yanayoudondokea na miaka yenyewe huukausha mpira mpaka upasuke.

Mkitoka mjini, vilima vinafuatana: migomba, mikaratusi, mashamba ya maharagwe, matofali yanayokaushwa kando ya njia. Mwezi wa sita mwaka 2021, Rais Tshisekedi na Rais Museveni walizindua mpakani kazi ya kutengeneza barabara zetu, na kilometa hizi 54 za Beni–Butembo zilikuwa ndani ya mpango huo. Lakini penye udongo, kiangazi kikifika, vumbi ndilo linalotawala. Lori moja likipita mbele, gari la nyuma linaingia kwenye wingu jekundu. Wamama wanafunika watoto kwa vitenge. Kila mmoja anafunga pua yake.

Injini haiwezi kufunga pua. Nayo inapumua, tena inapumua kuliko sisi wote ndani ya gari. Ili esanse au mazutu iwake, lazima ichanganyike na hewa. Hewa hiyo inaingia kwanza kwenye sanduku la plastiki ambamo kuna filta ya karatasi. Filta inashika vumbi, na hewa safi inaendelea kwenye bomba la mpira lenye mikunjo mpaka ndani ya injini. Mikunjo ile iko kwa sababu injini inatikisika na sanduku halitikisiki sawa nayo. Bila mikunjo, bomba lingevunjika upesi. Lakini ni katika mikunjo hiyo hiyo ufa unapozaliwa, tena upande wa chini, ambapo jicho halifiki.

Bomba likipasuka baada ya filta, vumbi linapata mlango wa nyuma. Mchanga mdogo unaingia ndani ya silinda na kusaga chuma polepole, kama vile jiwe linavyosaga unga. Siku za kwanza husikii kitu. Baada ya miezi, gari linaanza kunywa mafuta ya injini na kutoa moshi wa buluu. Hapo si habari ya bomba tena, ni habari ya kufungua injini yote. Kikundi kilichokuwa kinaweka akiba ya kununua mbegu kinajikuta kinalipa injini.

Tunapita Maboya na Kabasha. Hapa watu hupunguza maneno. Mwezi wa kumi mwaka 2022 wauaji walishambulia Maboya usiku, na kituo cha afya kilichomwa. Mama yeyote wa eneo hili hahitaji kuelezwa kwa nini hatutaki gari lizime njiani jioni. Mahali pengine, gari likiharibika, mtu anakasirika na kungoja. Kwetu, saa mbili za kungoja zinaweza kuwa tofauti kati ya kupita mchana na kupita gizani. Na kama ndani ya gari kuna mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitali, hizo saa mbili hazipo kabisa.

Beni inawapokea kwa joto. Mji uko chini kuliko Butembo kwa mamia ya meta. Koti la asubuhi linaingia kwenye mfuko. Kwenye soko la Kilokwa mizigo inabadilishwa: puaro zinashuka, mawese yanapanda. Na sasa sikilizeni vizuri, kwa maana kurudi ndiko kunakoonyesha ugonjwa wa gari. Kwenda Beni ni kushuka. Kurudi Butembo ni kupanda, na mzigo mzito, na kadiri mnavyopanda hewa inakuwa nyembamba. Injini inahitaji pumzi yote iliyo nayo.

Safari moja ya kiangazi tulikuwa tisa, na mabidoni ya mawese nyuma. Kwenye mlima gari likaanza kunguruma bila kusonga. Shoferi akabadilisha gia, akabadilisha tena, kisha akasimama pembeni. Alipofungua kifuniko, injini ikiwa bado inawaka, tulisikia mluzi: «Ssss». Alizima injini, akapitisha vidole chini ya bomba, na ufa ukafunguka kama mdomo.

«Mna kamba, wamama?» akauliza.

«Kamba itafanya nini, mwanangu?» akajibu mama mmoja mzee. «Chukua huu.» Akafungua kwenye mzigo wake ukanda mrefu wa mpira, ule unaokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu, ambao watu wa pikipiki wanafungia mizigo.

Shoferi alipangusa bomba mpaka likakauka, akaliweka sawa mahali pake, akazungusha ukanda akiuvuta kwa nguvu, kila mzunguko ukipanda juu ya nusu ya ule wa kwanza, mpaka ukapita ufa pande zote mbili. Akafunga fundo. Mluzi ukaisha. Tulipanda polepole, na tukaingia Butembo kungali na mwanga.

Dawa ile ni ya kufika nyumbani, si ya kuishi nayo. Ukanda unalegea kwa joto. Ndiyo maana tunawaandikia mambo haya, ili kila kikundi kinachomiliki au kukodi gari kiyajue.

Alama za bomba lililopasuka au sanduku lisilofunga ni hizi: mluzi chini ya kifuniko, gari kukosa nguvu mlimani, injini kutetemeka ikisimama, au kupanda na kushuka sauti yenyewe, taa ya injini kuwaka kwenye dashibodi, esanse kuisha upesi kuliko kawaida. Kwa gari la mazutu lenye turbo, bomba linalotoka kwenye turbo likipasuka, moshi mweusi hutoka nyuma na nguvu hupotea ghafula. Bomba hilo hubeba hewa yenye msukumo, kwa hiyo ukanda wa mpira hauwezi kulishika kwa muda mrefu.

Kukagua si kazi ya fundi tu. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, vuta mikunjo ya bomba taratibu, tazama ndani yake kwa tochi, pitisha vidole upande wa chini. Angalia kolie, zile pete za chuma zinazokazwa kwa turnavisi kwenye ncha mbili: je, zinazunguka bure? Kisha tazama sanduku la filta. Mara nyingi vibana vyake vinavunjika wakati wa kufungua kwa haraka, na fundi anakaza kwa waya. Waya unavuta upande mmoja na kuacha mwanya upande wa pili. Ukikuta vumbi jekundu ndani ya bomba, baada ya filta, ujue mlango wa nyuma upo mahali fulani.

Kuna mambo ya kukataa. Msikubali gari litembee bila filta «kwa leo tu», hasa wakati wa vumbi. Msikubali kitambaa kizibwe ndani ya bomba, maana injini inaweza kukivuta. Na msikubali mtu amwage esanse juu ya injini inayowaka ili atafute mahali panapovuja. Njia hiyo imezoeleka katika magaraji mengine, lakini inaweza kuwasha moto.

Mkienda kununua bomba, pelekeni lile la zamani mkononi. Linganisheni urefu, upana wa ncha zote mbili, na vitundu vya pembeni ambako mabomba madogo yanaingia. Nyingi zinazouzwa zimekwisha kutumika. Kabla ya kulipa, likunjeni mwangani na kufungua kila mkunjo. Mpira mzuri unarudi mahali pake. Mpira uliochoka unaonyesha mistari midogo kama ya udongo uliokauka. Huo mwacheni muuzaji abaki nao, hata kama bei ni ndogo.

Vikundi vya AVEC vyenye gari la pamoja, tunawashauri mambo matatu. Wekeni fedha kidogo za vipuri kando, zisichanganyike na mikopo. Chagueni mama mmoja wa kukagua bomba na filta pamoja na shoferi kila wiki kabla ya siku ya soko. Wakati wa kiangazi filta ichunguzwe zaidi. Na ndani ya gari wekeni turnavisi, kolie mbili na ukanda wa mpira wa meta mbili. Wanaokodi gari nao wanaweza kumwomba shoferi, kwa heshima, afungue kifuniko kabla mzigo haujapanda. Shoferi mzuri hatakasirika. Yule anayekasirika, heri mumjulie Butembo kuliko kumjulia Kabasha.

Safari njema kwa wote watakaoshuka Beni siku ya soko. Ondokeni mapema, mrudi mapema.