Mama Tuliyemwona Sandton

Baada ya miaka ishirini ya ndoa tulifunga safari na baba watoto, kwa basi kutoka Tunduma kupitia Zambia na Zimbabwe hadi Johannesburg. Tuliiona nyumba ya Mandela kule Soweto, tukafurahi.

Jumamosi, tarehe 29 Oktoba 2022, tulikwenda Sandton kununua zawadi, tukakuta polisi wengi na maandamano ya wapenzi wa jinsia moja. Jijini humo yalianza mwaka 1990, na tangu 2006 sheria ya nchi ile inawaruhusu kuoana. Ubalozi wa Marekani ulikuwa umeonya kuwa huenda magaidi wangeshambulia Sandton siku hiyo. Waliandamana hivyo hivyo.

Baba watoto alitaka tuondoke upesi. Kilichotuchelewesha ni mama mmoja wa rika letu, kitambaa kichwani, amemshika mwanawe mkono. Tulimwuliza kama haogopi mabomu.

"Naogopa," akasema. "Sasa nimwache aje peke yake?"

Usiku ule usingizi haukuja. Sisi wauguzi tunawajua vijana wanaokuja zahanati jioni, foleni ikiisha, wasiotaka mama zao wajue. Tukawataja watoto wetu wanne mmoja mmoja. Angekuwapo mwenye neno kama hilo, angetuambia?

Baba watoto alizima taa bila kujibu.