Sanduku la Magazeti ya Vita

Nilikuwa mtu wa dharau, na dharau hiyo nikiiita elimu. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi Njukini nikijiona nimewazidi wote. Wa kwanza kumdharau alikuwa babu, aliyeuza ndizi zake nipate karo.

Babu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Katika Vita Vikuu vya Pili alipigana Burma akiwa na Divisheni ya 11, ile yenye alama ya kifaru, akarudi na sanduku la bati lililojaa magazeti: *Askari* na *Heshima*, yaliyotolewa kwa Kiswahili na Kamandi ya Afrika Mashariki kwa ajili ya wanajeshi Waafrika. Siku moja mferejini, watu wakingoja zamu ya maji, nilimwambia mbele yao kwamba yale ni makaratasi ya mkoloni ya kupumbazia wajinga. Hakunijibu. Alichukua jembe lake akaenda kufungulia maji.

Kazi niliipata mjini, pombe ikaniondoa. Nikarudi mikono mitupu. Babu alikuwa na mtoto wa jicho, hawezi kusoma tena. Hakuniuliza kitu, alinipa chumba na chakula, na jioni akaniomba nimsomee. Nilikubali kwa aibu ya kula bure, si kwa mapenzi.

Kuhusu mkoloni sikuwa nimekosea sana. Magazeti yale yalikuwa chini ya maofisa Wazungu, na si kila habari iliruhusiwa. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli ya *Khedive Ismail* karibu na Maldivi. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu alikuwa na rafiki humo.

"Hebu tafuta," aliniambia. Nilipekua sanduku zima, sikuona habari ya meli ile.

"Hata mimi nilitafuta," akasema.

Lakini pembeni mwa kurasa kulikuwa na penseli. Maneno yamekatwa vipande: ki-fa-ru, ba-ru-a, nyu-mba-ni. Herufi nzito, karatasi karibu kutoboka. Babu aliingia jeshini hajui a wala be. Kusoma alijifunzia kambini, kwa magazeti hayo hayo, hadi akaweza kumwandikia bibi barua bila kumwomba mtu. Mimi niliyesomeshwa sikujua hata kwamba Taveta yetu, tunakokwenda sokoni, ilikuwa na gazeti lake la kimisheni, *Taveta Chronicle*, tayari mwaka 1895.

Nilimwomba msamaha kwa maneno ya mferejini.

"Niliyasikia," alisema. "Endelea kusoma."

Ningependa kukwambia kwamba pombe niliiacha usiku ule. Sikuiacha. Nilianguka, nikaahidi, nikaanguka tena, na mara nyingine nilimsomea ninanuka. Hakuwahi kunifukuza. Kwa nini, sijui. Nilichostahili ni kuonyeshwa mlango. Ilipofika siku niliyotimiza mwezi mzima bila kunywa, babu alikuwa ameshazikwa, nami nikashukuru Mungu peke yangu.

Baadaye niliombwa kufundisha ngumbaru, darasa la watu wazima wasiojua kusoma. Kama wewe unayesoma hapa umewahi kumcheka mzee asiyejua kusoma, tuko pamoja, maana dharau bado hunijia. Juzi mama mmoja, muuza nyanya, aliniuliza herufi ile ile hadi nikahisi ulimi unaniwasha. Nilitoka nje kidogo, nikarudi, nikamwandikia upya.