SEHEMU YA 31: Nilimwita mwanangu mwongo kwa sababu ya kioo cha kompyuta

 

Leo nilipanga tuendelee na vyakula vya kumwanzishia mtoto wa miezi sita. Ila kuna mama ameniandikia inbox, akanikumbusha mbali. Kompyuta yao ya nyumbani imepigwa Windows mpya. Kurudi nyumbani, picha kwenye kioo imevurugika. Ameshamgombeza mtoto wake wa darasa la tatu kwamba ndiye ameichezea, na sasa ananiuliza kama namjua fundi mzuri.

Dada yangu, fundi nitakutafutia. Ila kabla ya fundi, kaa nikusimulie yangu. Na wewe mwingine unayesoma usiseme haikuhusu, maana Windows 10 iliisha muda wake wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na nyumba nyingi sasa hivi zinabadilisha. Haya mambo yatakufikia.

Ilikuwa mwaka 2020, mwezi wa nne. Mnakumbuka shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona. Watoto wote nyumbani, mimi wodini, zamu za usiku zimefuatana. Nikirudi asubuhi simkumbatii mtu. Viatu nje, nguo kwenye ndoo ya sabuni, naoga, ndipo nawagusa watoto. Mkubwa wangu alikuwa na miaka 9, darasa la nne. Masomo yake nilikuwa nimemwekea kwenye flashi, anayafungua kwenye kompyuta yetu ya mezani, ile ya mtumba niliyonunua wakati nasoma diploma. Kwa kweli ile kompyuta ndiyo ilikuwa shule yake, na rafiki yake pia.

Sasa ilikuwa na Windows 7, ambayo iliacha kupewa masasisho ya usalama tarehe 14 Januari mwaka huohuo. Nikaona bora nihamie Windows 10. Picha zote za watoto nikazihamishia kwenye diski ya nje kwanza (hapo nijipongeze, na wewe fanya hivyo kabla hujagusa kitu). Kisha nikambebea CPU kijana mmoja wa mtaani anayejua mambo hayo. Monita nikaiacha nyumbani. Akapiga Windows, akaniwashia kwenye monita yake, ile ya zamani ya mraba, nikaona picha safi kabisa. Nikarudi na bodaboda nimeipakata CPU kama mtoto mchanga.

Nilifika jioni nimeshachelewa zamu. Nikainama nyuma ya meza, kwenye giza, nikachomeka nyaya harakaharaka. Ule waya wa monita ulikataa kuingia. Nikausukuma kwa nguvu, ukaingia. Sikuwasha hata kuangalia. Nikakimbia kazini.

Asubuhi narudi, mguu bado uko mlangoni, mtoto ananikimbilia.

"Mama shikamoo. Mama, kompyuta inaonyesha watu wamenenepa. Halafu wote wana rangi ya zambarau. Iko hivyo tangu nilipoiwasha."

Nikaenda kuangalia. Kweli. Herufi zimevutwa kwenda pembeni, na pale panapotakiwa kuwa peupe pana rangi ya zambarau iliyochanganyika na pinki. Mimi nimetoka kukesha, nimetoa hela yangu, na jana kwa fundi nimeona kwa macho yangu picha nzuri. Nikageuka.

"Umefanya nini hapa?"

"Sijafanya kitu mama, nimewasha tu."

"Jana ilikuwa nzima. Aliyekuwa hapa ni wewe. Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza mama."

Nikamwambia, mbele ya mdogo wake na mbele ya dada wa kazi: "Wewe ni mwongo. Na usiguse tena hii kompyuta."

Sikumpiga. Wakati mwingine tunajisifu hivyo, "mimi simpigi mwanangu," kama vile neno halina uzito wake. Mtoto hakulia mbele yangu. Aliondoka tu. Siku tatu alikuwa ananisalimia, nikiitika marahaba anaondoka. Hakunionyesha daftari, hakuniuliza habari za wagonjwa kama kawaida yake.

Usiku wa tatu, kazini, akaja mama na mtoto wa miaka miwili, mwili unawaka moto. Mama amechoka, ananiambia, "Sista, hii ni malaria tu, mwanangu namjua. Nipatie dawa mseto niende." Nikamjibu kama ninavyojibu kila siku: "Mama, tumpime kwanza. Homa siyo malaria zote." Tone moja la damu, tukasubiri. Kipimo kikasema hana malaria. Nikahesabu anavyopumua kwa dakika nzima, mara 52. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, kuanzia 40 tayari ni kupumua haraka. Nikamwita daktari. Kumbe ni nimonia.

Nimekaa kuandika faili, sauti yangu mwenyewe ikanirudia. Tumpime kwanza. Mimi ninayesema hivyo mara kumi kwa usiku mmoja, nyumbani kwangu nilitoa hukumu bila kipimo hata kimoja.

Asubuhi nikampigia yule kijana. Swali lake la kwanza: "Sista, inaharibika kuanzia wakati gani? Ukiwasha tu, au mpaka Windows ifunguke?" Mama zangu, hilo ni swali langu mimi! Ndilo ninalowauliza mkija: ilianza lini, ilianzaje. Na mtoto alikuwa ameshanijibu siku ile ya kwanza. Alisema "tangu nilipoiwasha". Alinipa historia yote ya mgonjwa, mimi nikamwita mwongo.

Basi tukapima, mmoja baada ya mwingine. Fuatilia hapa dada yangu, hivi ndivyo na wewe utafanya.

Kipimo cha kwanza. Zima, washa, uangalie ile nembo ya kampuni inayotokea mwanzoni kabisa, kabla ya Windows. Yangu ilikuwa tayari na rangi ya zambarau. Pale Windows bado haijaamka, kwa hiyo haiwezi kulaumiwa kwa hilo. Wala mtoto hawezi kuwa ameharibu kwa kubonyeza kitu ndani ya Windows.

Kipimo cha pili. Bonyeza kitufe cha menyu kilichopo kwenye monita yenyewe. Ile menyu inatengenezwa na monita, haitoki kwenye kompyuta. Yangu ilitokea na rangi zake nzuri, huku nyuma yake kote ni zambarau. Maana yake monita ni nzima, na shida ya rangi iko kwenye waya au kwenye CPU.

Kipimo cha tatu. Zima kila kitu, chomoa umeme ukutani, kisha chomoa waya wa monita na uangalie kichwa chake kwa tochi ya simu. Wangu ni ule wa VGA wa mistari mitatu ya pini. Pini ya kwanza inabeba rangi nyekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu. Kijani kikikosekana, nyekundu na bluu zinabaki zenyewe, ndiyo unapata zambarau. Na pini ya pili ilikuwa imelala kama msumari uliopigwa vibaya. Nani aliilaza? Mimi, jioni ile, kwa haraka zangu. Nikainyoosha polepole kwa kibano cha nyusi. (Usishtuke ukikuta tundu moja halina pini. Nyaya nyingi za VGA hazina pini ya 9 tangu kiwandani.) Nikachomeka bila kulazimisha, nikawasha. Nyeupe ikarudi kuwa nyeupe.

Ila watu bado wanene. Hapo ndipo utajua kwamba mgonjwa mmoja anaweza kuwa na magonjwa mawili, ukitibu moja usishangilie mapema.

Kipimo cha nne. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi pale mbele, chagua Display settings, uone rezolusheni, yaani hesabu ya nukta zinazotengeneza picha. Yangu ilikuwa 1024 kwa 768 na haikubali kubadilishwa. Monita yangu ni pana, ya 1440 kwa 900. Picha ya umbo la mraba-mraba ilikuwa inavutwa ijaze kioo kipana. Duara la sentimita 10 kwenda juu linakuwa na sentimita 12 kwenda pembeni, na uso wa mtu vilevile. Kwa fundi ilionekana sawa kwa sababu monita yake ilikuwa na umbo linaloendana na picha ile. Hakunidanganya mtu.

Kwa nini haikubali kubadilika? Nikafungua Device Manager, sehemu ya Display adapters. Pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter. Tafsiri yake ni kwamba Windows bado haijapata draiva ya kadi ya picha, inatumia ya dharura tu. Ni kama mgonjwa amefika usiku, umemwekea dripu, bado hajaonwa na daktari bingwa. Siyo kosa, ni matibabu ya kuanzia. Nikawasha intaneti ya simu, nikaiunganisha kwa waya wa USB, nikaingia Windows Update, ikaishusha draiva yenyewe. Andaa bando la kutosha, draiva za picha ni nzito. Ikazima na kuwaka, nikarudi Display settings, nikachagua ile iliyoandikwa Recommended. Inakuuliza kama ubaki na mabadiliko. Ukikaa sekunde 15 bila kujibu inarudi ilikotoka, kwa hiyo usiogope kujaribu.

Kama kwako ni mistari au vibokisi vya rangi badala ya unene, kuna kipimo kingine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na PrtSc, kompyuta itahifadhi picha ya kioo. Itume kwenye simu yako. Ikionekana safi kwenye simu, angalia waya na monita kwanza. Ikiwa nayo imeharibika, shida iko ndani ya kompyuta, na hapo fundi ana haki ya kuitwa.

Kubwa kuliko yote, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Sasa nirudi kwa mtoto.

Kompyuta ikawa nzima, mimi nikabaki nimekaa. Nilijua ninachotakiwa kufanya na nilikuwa naona aibu. Unajua tulivyolelewa, mzazi haombi radhi kwa mtoto. Anamnunulia soda, yanaisha. Nilifikiria hata hiyo soda.

Nikawaita wote. Yeye, mdogo wake, na dada wa kazi, maana wote walinisikia siku ile. Nikasema, "Mwanangu, ile pini niliipinda mimi. Na kule kunenepa kwa watu, Windows ilikuwa bado haijamaliza kuwekwa vizuri. Wewe hukuharibu kitu. Uliniambia ukweli nikakuita mwongo. Nisamehe."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mama, mimi siyo mwongo?"

Mama zangu, siku tatu nzima mtoto wa miaka 9 alikuwa amelibeba hilo swali. Wakati mimi nahangaika na kioo, yeye alikuwa anajiuliza yeye ni nani.

Nikamwambia, "Hapana baba. Siyo mwongo."

Akaenda kufungua Paint, akachora duara, akaleta rula yake ya shule akalipima kwenye kioo. Juu sentimita 9, pembeni sentimita 9. "Mama, imepona," akasema. Tangu siku hiyo kitu kikiharibika nyumbani kwetu huwa ananiuliza kwanza, kwa kejeli kabisa, "Mama, umeshapima?" Naistahili 😅

Kwa hiyo dada yangu wa inbox: kabla ya fundi, mwite mwanao. Muulize kwa upole aliona nini na kuanzia wakati gani, na umsikilize mpaka amalize. Huenda kweli aligusa kitu. Sawa, naye atakuambia, kama akijua hutamkaangia moto. Halafu pimeni pamoja. Na ukikuta siye, usimalize kwa soda. Mwambie, mbele ya walewale waliokusikia.

Niandikie ukishaangalia ile nembo ya mwanzo, uniambie umeona nini. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye uji na ndizi za kuponda.

Usiku mwema. Mimi naingia zamu.